Alama ya Jumanne

Wanawake wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja hawana haja ya kuambizana zamu. Mchi wa huyu unashuka, wa yule unapanda, na mlio wenyewe ndio unaowapanga. Ipo sheria moja tu, na binti wa Usukuma hufundishwa hiyo kabla hajaruhusiwa kutwanga na mwenzake: ukitaka kuinama kurudisha punje zilizoruka pembeni, gonga kwanza ukingo wa kinu. Mwenzako akisikia mlio mkavu wa ukingo, atauzuia mchi wake juu mpaka mkono wako utoke.

Jumanne ile Salvina hakugonga. Aliinama kama mtu aliye peke yake, mkono ndani ya kinu, uso juu ya mkono. Mchi wa jirani yake Ghati ulikuwa umekwisha kutoka kwenye mpunga, unapanda, na kichwa chake kikamkuta kwenye mfupa wa shavu la kushoto, kidogo tu chini ya jicho. Kama mchi ungekuwa unashuka, habari hii ingekuwa nyingine, tena fupi zaidi.

Salvina alikaa chini bila kupiga kelele. Ghati aliutupa mchi, akamshika mabega.

"Hukugonga," alisema Ghati. "Salvina, hukugonga."

"Sikugonga," Salvina akakubali, kiganja kikiwa shavuni.

Ghati alikuwa Mkurya, mrefu, mwenye mikono iliyozoea jembe. Mumewe, Maige, alimwoa alipokuwa akichimba dhahabu upande wa Musoma, akamleta Kharumwa mwaka uleule alioleta baiskeli. Watu waliizoea baiskeli kwanza, Ghati baadaye. Sasa walimwita Mama Mageni, kwa jina la mtoto wake, na katika mtaa mzima Salvina hakuwa na rafiki zaidi yake.

Kilichomsahaulisha Salvina ukingo wa kinu ilikuwa barua. Ilifika Jumatatu kwa mkono wa dereva wa lori la pamba, na ilitoka kwa mumewe, Cornel, aliyekuwa fundi wa magogo ya kuegemezea mashimo katika mgodi mmoja wa huko Geita. Tangu waoane, mwaka mmoja na nusu, Cornel alikuwa akilala katika bweni la wanaume na kuja nyumbani siku mbili kila alipomaliza kadi ya siku thelathini za kazi. Barua ilisema amepata chumba katika kota za watu wenye wake. Kina mlango wa mbao na dirisha. Atafika Jumamosi jioni, na Jumatatu asubuhi wataondoka pamoja, ikiwa baba atakubali.

Hapo ndipo penye uzito. Baba wa Salvina, Thobias, mchinjaji wa Tinde, alimtoa bintiye kwa sharti moja lililosemwa mbele ya pande zote mbili: Salvina atakaa Kharumwa kwa mama mkwe wake, na hatapelekwa kambi ya mgodi mpaka yeye mwenyewe aje, aangalie, aridhike. Cornel alikuwa ameomba mara tatu. Mara hii mzee alikubali kuja. Angefika Jumapili.

Na sababu ya sharti lile ilikuwa Philomena, dada yake Salvina. Philomena aliolewa na mchimbaji, wakaishi kambini. Mara ya kwanza alipokwenda Tinde na uso uliovimba, alisema alipigwa na mchi wakati wa kutwanga. Baba aliamini, akamrudisha kwa mumewe na paja la mbuzi. Mara ya pili alisema tena mchi. Mara ya tatu hakusema chochote, na jicho lake la kushoto lilikuwa halioni. Hakurudi tena kwa mumewe, na tangu siku hiyo neno mchi halikutamkwa nyumbani kwa Thobias. Wakitaka kutwanga, waliomba "kile kijiti".

Kwa hiyo Salvina, akiwa bado amekaa chini kando ya kinu, alijua mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, kwamba amepigwa na mchi. La pili, kwamba katika dunia nzima kuna mtu mmoja asiyeweza kuambiwa hivyo, na mtu huyo atafika baada ya siku tano.

Alianza na lile lililokuwa karibu. Kabla ya kuolewa alikaa miaka mitatu kwa shangazi yake Ushirombo, akifua bandeji katika zahanati ya masista, na Sista Mektilda, aliyekuwa mkuu wa zahanati, hakuvumilia mfuaji asiyejua bandeji zinafunga nini. Salvina alifumba jicho zima, akatazama kwa lile lililoumia. Alihesabu nguzo za zizi: kumi na nne, kama siku zote, na hakuna iliyoonekana mara mbili. Akatazama juu, chini, kulia, kushoto, bila kugeuza kichwa. Akapitisha kidole kwenye mfupa wa shavu, taratibu, kutafuta mahali palipokatika au kubonyea. Hapakuwapo. Akauma meno, yakakutana sawa. Puani hapakutoka damu wala maji.

"Mfupa mzima, jicho zima," alimwambia Ghati. "Kama kimoja kingekuwa na kasoro ningepanda lori la leo kwenda hospitali. Niletee maji ya mtungini, yale ya chini kabisa."

Ghati aliyeyuka akarudi na maji pamoja na kibuyu cha samli. Alitaka kumkanda, damu isambae. Salvina akamshika mkono.

"Usikande. Mishipa midogo imepasuka humo ndani. Ukiikanda unaipasua tena, na damu inayotaka kusimama itaendelea kumwagika."

"Kwetu tunakanda."

"Na baada ya kukanda, uso unakuwaje?"

Ghati akafikiri. "Unakuwa mkubwa," alisema, akafunika samli yake.

Kitambaa cha marekani kililowekwa katika maji baridi, kikakamuliwa kidogo, kikawekwa shavuni bila kukandamizwa. Saa hawakuwa nayo. Sista Mektilda alikuwa amemfundisha kupima muda kwa rozari: makumi matatu ya Salamu Maria kitambaa kikiwa usoni, kikibadilishwa kila kinapopata joto, kisha kupumzika mpaka uso uache kufa ganzi, kisha kuanza tena. Sista alikuwa akisema kwamba Bikira Maria akisikia, mgonjwa amepata faida mbili. Asiposikia, dakika kumi zimepita vilevile.

Mama mkwe wake, Klara, alirudi kutoka shambani jua likiwa limeshuka, akamkuta kwenye kumi la pili. Klara hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja, na kila jambo lililotokea duniani alilitazama kwanza litamfikaje Cornel. Alisikiliza maelezo yote, akamgeukia Ghati, Ghati akaitikia, na hapo Klara akakaa juu ya kinu kilicholazwa.

"Mimi naamini," alisema. "Mimi nilikuacha mzima asubuhi na mwanangu yuko Geita. Lakini baba yako?"

Salvina alikuwa katikati ya Salamu Maria.

Usiku huo alilala akiwa ameegemea gunia la mpunga, kichwa juu, ili damu isijikusanye usoni. Alfajiri Ghati alileta maji mapya ya kisima, na tena adhuhuri, na hivyo hivyo siku iliyofuata. Alisema hata padre wao hatoi kitubio kizito kiasi hicho kwa kosa ambalo mkosaji mwenyewe ndiye aliyeinama.

Salvina alikuwa na kipande cha kioo, kikubwa kama kiganja, alicholetewa na Cornel. Asubuhi na jioni alikisimamisha dirishani akatazama. Jumanne jioni shavu lilikuwa jekundu na limejaa. Jumatano jicho lilikuwa limefumba nusu, na ule wekundu umegeuka zambarau iliyokaribia weusi. Hakushtuka, maana alijua ndivyo inavyokwenda. Damu iliyotoka kwenye mishipa haina njia ya kutokea. Mwili huila pole pole, na kila hatua ya kuila ina rangi yake. Alikuwa ameziona rangi hizo kwa wagonjwa wengi, mmoja baada ya mwingine, na hazikuwahi kuruka zamu.

Siku hiyo ya Jumatano Klara alikuja na shauri. Mzee Kamili wa ng'ambo ya bonde alikuwa na pembe ya kuumikia. Angechanja mara tatu kwa wembe, aweke pembe, afyonze, damu mbaya itoke, na Jumapili uso ungekuwa laini.

Salvina alimshukuru, akakataa. Alieleza kwamba hiyo damu si mbaya, ni damu yake tu iliyopotea njia. Wembe wa Mzee Kamili ungegeuza vilio la damu lisilo na mlango kuwa jeraha lenye milango mitatu, karibu na jicho, na Jumapili baba angekuta vyote viwili, weusi na usaha.

"Masista wamekuharibu," alisema Klara. "Unaogopa wembe, baba yako humwogopi."

"Baba namwogopa, Mayu," alisema Salvina, akimwita mama kwa Kisukuma. "Lakini wembe hautamzuia kuja."

Alhamisi jioni, siku mbili kamili zilipokwisha, Salvina aliacha baridi akahamia kwenye joto. Kitambaa kilekile, maji ya vuguvugu, makumi matatu, mara nne kwa siku. Baridi ilikuwa ya kuzuia damu isitoke zaidi; sasa imesimama, na joto lilitakiwa kuharakisha mwili kuiondoa. Maji aliyajaribu kwanza kwa kiwiko, kama anayemwogesha mtoto mchanga. Ijumaa jicho lilifunguka lote. Uvimbe ulishuka hata mfupa wa shavu ukaonekana tena. Lakini rangi ilibaki, tena ilienea, ikateremka kuelekea taya kama chai iliyomwagika juu ya mkeka.

Alihesabu. Kwa hesabu ya Sista Mektilda, vilio kama lile lilihitaji wiki mbili. Yeye alikuwa na siku mbili. Matibabu yalikuwa yamefanya yote yaliyo katika uwezo wa matibabu, na Jumapili ingefika rangi ikiwa palepale.

Cornel aliingia Jumamosi magharibi, vumbi la barabara mpaka kwenye nyusi. Alikuwa kijana mpole, mwenye vidole vilivyojaa makovu ya patasi. Alimwona mkewe mlangoni, akaweka chini sanduku lake la bati, akamsogeza kwenye mwanga wa moto. Aliuliza kilichotokea. Akaelezwa. Akauliza kama anaona vizuri. Akaambiwa anaona. Ndipo akakaa.

"Kesho nitamwambia mzee mwenyewe, kama ilivyokuwa," alisema.

Klara akasema hapana. Alikuwa amekwisha kupanga. Salvina afungwe leso kuanzia kidevuni mpaka utosini, ipite juu ya shavu, na aonekane ana jino. Mwenye jino haulizwi maneno mengi. Mzee atakula, atabariki, ataondoka, na Jumatatu lori litapita. Cornel alibisha. Klara akamuuliza, bila kupandisha sauti, kama ana neno jingine la kumwambia Thobias zaidi ya lile lile aliloambiwa na Philomena mara mbili.

Hapo ndipo Salvina alipofanya kosa lake la pili wiki ile, na hili lilikuwa kubwa kuliko la kinu. Alikubali leso.

Thobias alifika Jumapili saa nne, baada ya ibada ya kigango, akitembea kutoka sokoni alikolala kwa mchinjaji mwenzake. Alikuwa mfupi, mkavu, shati jeupe limefungwa mpaka kifungo cha juu, na alikuwa na tabia ya kutazama kitu kwanza kisha ndipo akisalimu. Shikamoo zilitolewa, marahaba zikapokelewa. Aliletewa kiti cha miguu mitatu kwenye kivuli cha nyumba. Alisifu mpunga, akauliza habari za mvua, akataja bei ya ng'ombe katika mnada wa Tinde. Kisha akamtazama bintiye.

"Ana jino," alisema Klara, ingawa hakuulizwa.

"Pole. Lipi?"

"La chini," alisema Klara.

"La juu," alisema Cornel, wakati uleule.

Thobias aliwatazama wote wawili, mmoja mmoja, bila haraka. Akamwita Salvina, akamwambia afungue kinywa. Alimshika kidevu kama alivyoshika videvu vya ndama elfu moja, akamgeuzia juani, akapiga kila jino la kushoto kwa ukucha, chini na juu.

"Meno haya yanaweza kuvunja mfupa," alisema. "Fungua leso."

Salvina alifungua. Kuku mmoja alipita kati yao akidonoa, na hakuna aliyemfukuza.

"Ni mchi, baba."

"Mchi," alisema Thobias. Alilitamka kama mtu aliyerudishiwa kitu chake kilichoibwa, akakuta kimevunjika. Akasimama. "Chukua nguo zako, twende. Mama Cornel, umenikaribisha vizuri. Wewe kijana, sitasema nawe leo, maana nikisema nitasema mengi."

Cornel alianza kueleza, mzee akainua kiganja. Klara aliinamisha kichwa. Na Salvina akaona wazi kwamba leso ilikuwa imeharibu kile kidogo kilichokuwapo. Ukweli unaofanana na uongo tayari ni mgumu kuaminika. Ukianza kufichwa, unakuwa uongo mtupu machoni pa mtazamaji. Lakini pia aliona jambo jingine, ambalo lilikuwa mbele yake wiki nzima kwenye kipande cha kioo, na hakulitambua kwa sababu alikuwa akilitamani liondoke.

"Nguo nitachukua," alisema. "Nitakuja nawe mpaka Tinde. Lakini baba, kwanza nitazame kama unavyotazama nyama."

Thobias aligeuka.

"Nilikuwa nakushikia beseni," alisema Salvina. "Wachunga wa mnadani wakileta ng'ombe aliyechubuka, mwenye ng'ombe akidai wamempiga njiani, wewe ulikuwa unamchuna ng'ombe unatazama lile vilio la damu. Ulikuwa unasema huyu kapigwa jana, huyu kapigwa juma lililopita, kabla ya safari. Kuna mchunga ulimwokoa asifungwe, ukawaambia nyama haina sababu ya kumsingizia mtu. Mimi nina alama. Sema ya lini."

Mzee alikuja, akamshika tena kidevu, na safari hii mkono ulikuwa mwepesi zaidi. Alimgeuza shavu lielekee jua. Alitazama karibu, pua yake karibu imguse, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Katikati, juu ya mfupa, palikuwa bado zambarau. Kuzunguka hapo palikuwa kijani, kijani cha jani la mpunga linaloanza kukauka. Na pembeni kabisa, kuelekea taya na sikio, palikuwa manjano.

"Huyu alifika lini?" aliuliza, akimwonyesha Cornel kwa kidevu.

"Jana magharibi."

"Kuvilia kwa jana hakuna manjano," alisema Thobias. Alikuwa akijisemea. "Jana ni nyekundu. Juzi ni nyeusi. Hii ni siku nne, tano." Akamgeukia Cornel. "Wanaume hutoroka kazini. Nipe kadi yako."

Cornel aliingia ndani mbio, akarudi na kadi ya kazi. Thobias hakujua kusoma, lakini tarakimu alizijua kuliko makarani wengi. Karani wa mgodi alikuwa ameandika tarehe katika kila chumba cha siku iliyofanyiwa kazi, na mzee alipitisha kidole chumba kwa chumba: Jumatatu, Jumanne, Jumatano, mpaka Jumamosi ya nusu siku. Hapakuwa na chumba kitupu. Kutoka Geita mpaka Kharumwa, kwenda na kurudi, si mwendo wa usiku mmoja kwa miguu, na lori la pamba lilikuwa na siku zake.

Alirudisha kadi. Akamwambia Salvina apandishe mikono ya gauni. Akatazama mikono, mbele na nyuma, akatazama shingo, nyuma ya masikio. Kisha akataka mwanamke asiye wa nyumba hii amtazame mgongo huko ndani. Klara akaita juu ya ua, na Ghati akaja, akifuta mikono.

"Wewe ni nani wa hapa?"

"Jirani. Mama Mageni." Ghati alinyoosha shingo. "Tena ni mimi niliyempiga. Kwa mchi, Jumanne, kabla ya jua la utosi. Hakugonga ukingo. Nimemchotea maji ndoo mbili kila siku, na kama kuna adhabu nyingine niambieni mapema, nina mtoto wa kulisha."

Kwa mara ya kwanza kitu fulani kilisogea kwenye mdomo wa Thobias. Alimwambia aingie atazame. Ghati aliingia na Salvina, wakatoka. Mgongo ulikuwa safi, alisema, isipokuwa kovu dogo la tetekuwanga.

Mzee alikaa tena kwenye kiti cha miguu mitatu, mikono juu ya magoti, akitazama chini.

"Philomena alikuwa na alama tatu mara ile ya pili," alisema. "Nyekundu moja. Nyeusi moja. Na moja ya manjano, hapa, kwenye mkono. Nimeiona leo, nikiwa nimeketi hapa. Wakati ule ilikuwa mbele yangu sikuiona. Nilimsikiliza, sikumtazama."

Salvina alijua kwamba baba yake hakuwa akiomba kufarijiwa. Alikuwa akisahihisha hesabu. Mchi mmoja hauachi alama za siku tatu mbalimbali. Mchinjaji wa miaka thelathini alikuwa na ujuzi huo mkononi, na alikuwa ameuacha buchani.

Baadaye aliuliza kinu kiko wapi. Kikaletwa, pamoja na ungo wa mpunga uliobaki. Alitaka waonyeshe. Ghati alisimama upande wake, Salvina upande wake, wakaanza, kwanza kwa kusitasita, kisha mlio ukawapanga. Thobias alizunguka kinu kama anayezunguka ng'ombe mnadani. Alipima kwa macho mchi ulipoishia ukipanda na uso wa bintiye ulipokuwa. Punje zilianza kuruka pembeni.

Salvina aligonga ukingo. Mlio mkavu, mmoja. Mchi wa Ghati ukasimama juu, ukatulia hewani, na Salvina akainama, akarudisha punje kwa kiganja, shavu la manjano na kijani likiwa chini ya kichwa cha mchi. Akatoa mkono. Mchi ukashuka.

"Basi," alisema Thobias. "Nimeona."

Alimwambia Cornel kwamba ruhusa imetoka. Masharti yalikuwa mawili. Atakuja huko kota bila kuleta habari, mwezi ambao hatautaja, na akija atamtazama binti yake kwanza kabla ya kuamkiwa na mtu. Na wao wawili wakiwa na jambo, jambo lolote, wasilifunge leso. Cornel alikubali yote. Klara aliomba radhi kwa lile la jino, akasema moyo wa mama ulimtangulia. Mzee akamwambia kwamba mwakani akitaka kudanganya mchinjaji achague mahali pasipo na meno.

Wali ulipikwa kwa mpunga uleule. Thobias alikula sahani mbili. Alipokuwa akinawa aliuliza, kama anayeuliza bei ya chumvi, hayo maji ya baridi yalikuwa ya siku ngapi, na ya vuguvugu yalianza lini, na kwa nini mtu asikande. Salvina alimweleza, hatua kwa hatua, na akamwona akihesabu kwa vidole. Huko Tinde Philomena bado alikuwa akiumwa kichwa upande wa lile jicho. Hilo haliponi kwa kitambaa, alisema Salvina, siku zimepita mno. Lakini masista wa Ushirombo walikuwa wakipokea daktari kila baada ya miezi mitatu, na hakuna mtu wa kwao aliyewahi kumpeleka Philomena akatazamwe.

"Nitampeleka," alisema Thobias.

Jumatatu asubuhi lori la pamba lilisimama njia panda. Cornel alipandisha sanduku la bati, mkeka, na mtungi uliozungushiwa majani makavu. Ghati alileta mchi wake, ule ule, ameupaka samli aliyokatazwa kuitumia Jumanne. Alisema kinu watapata hukohuko, magogo yamejaa mgodini, lakini mchi uliozoea uso wa mtu haufai kuachwa nyuma ukazoea mwingine.

Salvina alipanda bila leso. Jioni, kioo kikiwa kimeegemezwa kwenye dirisha la chumba kipya, alitazama shavu. Zambarau ilikuwa imebaki kama ukubwa wa punje ya hindi. Kulikobaki kote kulikuwa manjano. Alihesabu, akaona zimebaki siku saba, labda nane, akaenda kuchemsha maji.